Kilo Tisa Ulizoziita Mvua

Kitanga,
S.L.P. 41,
Kasulu, Kigoma.
Jumapili, 8 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Bazilio,

Amahoro. Natumaini karatasi hii itakukuta huko Unguja ukiwa mzima, na kile kikohozi cha mwezi wa nne kimekuacha. Habari za masomo? Habari za joto? Mama anauliza kama bado unalala bila shuka, na kama huko mnapata maharage ya kweli au yale ya kopo tu. Nimemwambia nitauliza, basi nimeuliza, utamjibu mwenyewe.

Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Baridi ya Juni imeingia, asubuhi tunaota moto mpaka saa tatu. Magoti ya mama yanamsumbua alfajiri, lakini jua likishatoka anashika jembe kama msichana, na ukimwambia apumzike anakununia. Maharage tumeshavuna, si haba. Mihogo ya kule chini karibu na kijito imeliwa na panya, wamewaachia watu maganda.

Najua unajiuliza kwa nini dada yako anaandika kwa kalamu wakati simu ipo. Nimekutumia sauti nne, Bazilio. Ya kwanza ulinijibu kwa kidole gumba. Ya pili, kidole gumba. Ya tatu ukaandika, "Dada, data ni data, tutaongea." Ya nne hujaifungua mpaka leo, naona. Barua haijibiwi kwa kidole gumba, ndiyo maana nimenunua bahasha.

Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo siku kumi na mbili nikidhani itapoa, haijapoa. Leo nimetoka ibadani, nimekula, nimekaa chini, na bado ipo, basi naiandika.

Jumanne ya wiki juzi afisa alikuja sokoni Kasulu, upande wetu wa dagaa, akiwa na karatasi. Akatukusanya. Akasoma kwamba kuanzia tarehe moja Julai ni marufuku kuuza dagaa wa wazi mezani. Watakaoruhusiwa ni wale waliofungwa kwenye pakiti huko huko ziwani, na wenye leseni ya kufungasha. Winnie akamuuliza kwa nini. Yule bwana hakuwa mkali, alijibu vizuri tu. Alisema utafiti wa chuo umeonyesha kwamba robo ya dagaa wanaofika nyanda za juu huharibika mikononi mwa wachuuzi kwa sababu ya mvua na utunzaji mbaya, na kwamba kwa ajili ya hiyo robo inayotupwa, ziwa linavuliwa kupita kiasi bure. Halafu, kwa heshima kabisa, akasoma jina la mtafiti.

Wanawake kumi na mmoja waligeuka wakanitazama mimi.

Unakumbuka ni mimi niliyekupeleka kwao. Ni mimi niliyepita meza kwa meza nikisema huyu ni mdogo wangu, anasomea mambo ya bahari na maziwa, mpeni nafasi, mwacheni apime. Walikubali kwa ajili yangu. Wengine walikuwa hawataki hata kupigwa picha. Tangu siku hiyo Winnie ananisalimia kwa kichwa tu, bila mdomo. Miaka kumi na minne tumekaa meza zinazogusana, tunaazimana kopo la kupimia, na sasa ananitikisia kichwa.

Usije ukasema dada hajasoma ndiyo maana anachukia utafiti. Si kweli na unajua. Watu wa chuo walipowafundisha wanawake wa Kibirizi, kule ziwani, kuanika kwenye vichanja vya wavu badala ya mchangani, mimi ndiye niliyefaidika huku juu. Zamani mteja alikuwa akitafuna dagaa wangu anatema mchanga, ananitazama kama nimemlisha barabara. Sasa wanakuja safi. Na ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, tulinung'unika sana, lakini lilipofunguliwa niliona kwa macho yangu, dagaa wamekuwa na mwili. Nikasema wasomi wanajua wanachofanya. Nilijivunia wewe.

Tena wewe mwenyewe ulinisimulia habari za wale mama wa mwani huko kisiwani. Ulisema maji ya karibu na ufuko yamekuwa ya moto, mwani unaoza kambani, na profesa wako akapima joto miezi mingi. Ulisema alirudi kwao mara tatu kabla ya kuandika lolote, akawaonyesha hesabu zake zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa, na bibi mmoja akasimama akamwambia hapa umekosea, siku hiyo ulipima maji yakiwa yamekupwa. Profesa akarudi kupima upya. Kisha wakahamisha kamba zao kwenye kina, na mwani ukashika. Ulikuwa unacheka kwa furaha kwenye simu. Ukaniambia uchumi wa buluu ndio huo, dada, msomi na mama wa mwani wanakaa mkeka mmoja.

Sasa nieleze. Mama wa mwani wamerudiwa mara tatu. Sisi umeturudia mara ngapi? Hata moja. Nimeyasikia matokeo ya meza yangu kwa mdomo wa afisa, nimesimama na beseni mkononi. Au kwa sababu huku ni milimani? Dagaa hawa wametoka majini kama wale wenu. Au kwa sababu mchuuzi ni dada yako, ukaona atakuelewa tu?

Tuje kwenye hizo kilo. Gunia linafika kutoka Kigoma, unalipima kwa ile mizani yako ya kuning'iniza, kilo thelathini na sita. Tunauza mpaka linaisha, unajumlisha tulichouza, kilo ishirini na saba. Zimepotea tisa. Unatuuliza tisa zimekwenda wapi, tunasema mvua, unaandika mvua. Gunia baada ya gunia, wanawake kumi na wawili, miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka jana.

Bazilio, mvua haikula kilo tisa. Ikinyesha vibaya sana na turubai limetoboka, tunapoteza kilo moja, mbili labda, na hizo nazo tunaanika tena bati likipata jua. Zilizobaki zimekwenda zinakokwenda siku zote. Kila kopo ninalouza lina konzi ya nyongeza juu yake, mteja asipoiona haondoki, na konzi hiyo haipandi kwenye mizani yako kwa sababu hailipiwi. Gunia likifunguliwa, bakuli la kwanza linakwenda kwa mzazi. Mwaka jana Januari lilikwenda kwa Ininahazwe, jirani yangu wa nyuma, aliyejifungua akawa hana maziwa hata ya kulowesha kidole. Nilimpelekea kila siku mbili, anakunywa ule mchuzi wa moto, mpaka maziwa yakashuka. Mzee Anania alipofiwa na mkewe, sisi kumi na wawili tulichanga beseni zima, msiba ule ulikuwa na watu wa Munanila na wa ng'ambo ya mpaka. Na Providence, yule Mkongomani wa kambini Nyarugusu anayechukua dagaa kwangu akipata kibali cha kutoka, naye namwongezea bure, watoto wake watano unawajua.

Utasema, sasa kwa nini hamkusema hivyo? Hapo ndipo ninapotaka kujipiga kofi mwenyewe.

Umesahau mama alivyotulea? Unapeleka bakuli limefunikwa kitambaa, unapita nyuma ya nyumba, unaliacha, na ukiulizwa na mtu njiani unasema unarudisha chombo. Kumtaja uliyempa ni kumvua nguo. Ningekwambia andika, kilo mbili Ininahazwe, kesho asingepita mbele ya meza yangu, angezunguka kwa wauza mitumba. Wewe ulikuja na daftari lenye mistari, unauliza kwa sauti, mbele ya wateja, hizi zimekwenda wapi? Ulimuuliza Winnie kwanza. Winnie akanitazama. Na mimi, mkubwa wao pale, nikasema, "Andika mvua." Ndivyo ilivyoanza. Wenzangu wote walifuata neno langu, wakaona ndilo jibu la heshima. Kwa hiyo uwongo ni wangu, nakubali, na nimeshawaambia wenzangu kwamba ni wangu.

Lakini wewe je? Wewe ni mtoto wa Kitanga. Ungekuwa Mzungu ningekusamehe. Mwaka jana mwezi wa pili hapakunyesha hapa siku kumi na tisa, mfululizo. Maharage ya mama yalijikunja shambani, kanisani tuliomba mvua Jumapili mbili. Na daftari lako, nimelitazama upya kwa maana nakala yangu ninayo, siku hizo zote kumi na tisa linasema mvua, mvua, mvua. Ulikuwa hapa! Ulikuwa unapigwa na jua hilohilo, ukivaa ile kofia yako ya chuo. Hukuinua macho hata siku moja? Umesoma joto la bahari ukashindwa kusoma anga la kwenu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sisi tulidanganya kwa haya. Wewe uliandika kwa haraka.

Na nieleze hiyo haraka inatuletea nini. Pakiti za kufungwa zimeshaanza kuonekana, nimeshika moja. Nzuri, inang'aa, ina picha ya samaki ambaye si dagaa. Mama mwenye watoto sita anakuja kwangu na sarafu alizo nazo, namkatia kinachomtosha, na nyongeza juu. Pakiti haikatwi. Haina nyongeza. Hakuna bakuli la mzazi linalotoka kwenye pakiti, maana aliyeifunga hajui nani amejifungua huku. Sisi wenyewe tutakwenda wapi? Wengine wanasema tutarudi kulima tu. Winnie hana shamba, unajua hilo, wenye ardhi ya ukoo walibaki ng'ambo na yeye alifika hapa akiwa mgongoni mwa mama yake. Meza ile ndiyo shamba lake.

Na ziwa, ambalo ndilo mnalotaka kulilinda? Kama hakuna kilo tisa zinazooza, basi hakuna kilichookolewa. Watavua vilevile. Mmefunga mlango ambao mwizi hakupitia.

Kuna mkutano Alhamisi tarehe 26 mwezi huu, ukumbini Kasulu, saa nne. Afisa amesema yuko tayari kusikiliza kabla amri haijaanza, lakini anataka kitu cha maandishi, si kelele za wanawake. Nilimwambia mtafiti ni mdogo wangu, atakuja. Alinitazama kwa huruma.

Najua unachoogopa. Mama aliniambia kwamba profesa amekupendekeza kwa masomo ya juu zaidi, na kwamba ripoti hii ndiyo iliyokubeba. Unaona ukisema ulikosea, mlango utafungwa. Huenda. Siwezi kukudanganya tena, nimeshakudanganya mara moja na angalia kilichotokea. Lakini kama profesa ni yuleyule aliyerudi kupima maji kwa sababu bibi mmoja alimkatalia, sidhani kama atakufukuza. Na kama atakufukuza, basi habari ile ya mkeka mmoja ilikuwa ya kunifurahisha mimi tu.

Mimi sikukaa bure nikikusubiri. Nilianza kuandika orodha ya wote waliopokea kutoka magunia yangu miezi ile mitatu, nani, lini, bakuli ngapi. Nilikuwa naiandika mezani, mama akaja nyuma yangu. Kusoma anasoma polepole, lakini majina aliyatambua. Akasema, "Yampayinka, Dorcas! Mwananje, ukishawasoma hao mbele ya watu, nani atakula tena kwangu?" Akaingia ndani. Siku mbili hakuzungumza nami ila kwa mambo ya kuni.

Na alikuwa na haki. Nikaona siwezi kusoma jina la mtu ukumbini bila yeye kuniruhusu. Basi nimetembea, Bazilio. Wiki nzima, nikifunga meza, nazunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu ruhusa ya kusema kwamba niliwapa chakula. Hujui aibu yake. Nafika, nakaribishwa, naulizwa hali, natazama miguu yangu. Mama mmoja alilia. Mwingine alinifukuza, kisha akanifuata njiani akanishika mkono akasema sawa.

Mzee Anania alivua kofia. "Andika," akasema. "Tena uandike siku zote nne. Watu walikula siku nne kwangu, na mimi sikuwa na kitu ndani."

Providence yeye hata hakuniacha nimalize. "Dada Dorcas, miye sina haya. Uniandike. Ulinipatiaka ndagala wakati posho ilikatikaka. Mungu alishaona, na serikali nayo ione."

Kwa Ininahazwe ndiko nilikoogopa zaidi. Nilimkuta anapepeta maharage. Nilipomaliza kusema, alimwita mtoto, yule wa Januari, sasa anakimbia na ana mashavu kama mikate. Akamsimamisha mbele yangu. "Niandike, dada, na huyu umwandike. Siku hiyo nitakuja naye nimweke pale mbele, afisa amtazame aseme kama huyu ameharibika."

Tangu hapo Winnie naye ameanza orodha yake, na wengine wanne. Jana aliniomba kalamu. Kwa mdomo.

Kwa hiyo tutakwenda ukumbini hata usipokuja. Lakini orodha zetu zimeandikwa kwenye karatasi za daftari la shule, na ripoti yako ina muhuri. Ninachotaka kwako ni vitu viwili. Uandike kwa mkono wako kwamba kilo zile hazikuoza, na kwamba hukuuliza vizuri, na sisi hatukujibu vizuri. Kisha upande basi, uje uyaseme hayo ukiwa umesimama.

Mama anakusalimu sana. Nilimweleza mama alivyosema Ininahazwe, akacheka peke yake jikoni, na jioni akaniuliza kama orodha imekwisha, basi nafikiri tumepatana. Winnie hajakutumia salamu, sitakudanganya. Mzee Anania anakusalimu, na watoto wa shangazi kule Manyovu wote. Nisalimie mwenye nyumba wako, yule bibi aliyekupa dawa ya kikohozi, na mwambie mama anamwombea.

Sasa, kabla sijafunga bahasha. Orodha yangu ina watu thelathini na wawili, na thelathini na mmoja wameniruhusu. Amebaki mmoja. Miezi ile mitatu alilala chumba changu cha nyuma. Kila jioni akishapima gunia ananawa, anakaa, namwekea sahani, dagaa wa gunia hilohilo, na anaongeza. Asubuhi anapima tena, anaona limepungua, ananiuliza zimekwenda wapi. Ningemwambiaje mgeni wangu, tena ndugu yangu wa tumbo moja, kwamba amekula yeye? Nilisema mvua. Akaandika.

Wengine nimewafuata kwao. Wewe uko mbali, nakuomba kwa barua. Bazilio, nikuandike?

Mungu akufunike huko uliko, akupe afya, na akupe moyo wa kujibu.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo,
Dorcas Nizigiyimana